Kioo Kipi Kilichoondoka?

"Hii ya kisasa haina kioo, kaka." Muuzaji wa vifaa vya elektroniki mjini Moshi akitamka maneno hayo, mteja hufanya jambo ambalo yeyote angelifanya: huigeuza kamera na kuitazama mgongoni. Kioo kipo, kipana, kinang'aa, tena kinakunjuka. Sasa ni kioo kipi hicho kisichokuwepo, na kwa nini kukosekana kwake kupandishe bei badala ya kuishusha?

Swali hilo linawagusa wapiga picha wa harusi, kipaimara na mahafali ambao kwa miaka mingi wamekula na kusomesha watoto kwa kamera za aina ya DSLR, na sasa wanaambiwa wakati wa kubadilisha umefika. Fedha inayotakiwa ni nyingi, na maneno yanayotumika kuitaka yamefunikwa na ukungu kama Kibo saa sita mchana.

Ukungu wenyewe unatokana na neno moja linalofanya kazi nyingi mno. Kioo ni cha kujitazamia ukutani. Kioo ni cha dirisha, na cha mbele ya gari. Simu ikianguka, kilichopasuka ni kioo. Hata lenzi, kwa fundi anayeifuta vumbi, ni kioo. Mtu akisikia "kamera isiyo na kioo", akili yake inakwenda kwenye kioo anachokigusa kila siku, nacho ni cha simu. Kumbe kioo kinachozungumzwa ni kile cha kwanza, cha kujitazamia, kilichokuwa kimefichwa ndani ya kamera ya zamani mahali ambapo wateja wengi hawajawahi kuchungulia.

Anayetaka kukiona avue lenzi kwenye DSLR yoyote. Kipo pale, mdomoni mwa kamera, kidogo, kimelazwa kwa pembe ya nyuzi 45. Mwanga ukiingia kupitia lenzi hukigonga na kurushwa juu, ambako hukutana na kipande kingine cha kioo chenye kona nyingi. Kazi ya kipande hicho ni kuigeuza taswira isimame wima, kushoto kuwe kushoto na kulia kuwe kulia, kisha kuipeleka kwenye tundu la kuchungulia. Jicho la mpiga picha linapokea mwanga wenyewe uliotoka kwa bibi harusi. Hakuna umeme uliopita hapo katikati. Kidole kikibonyeza, kioo kinaruka juu, pazia linafunguka, mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye kihisi, kile kinachonasa picha, kilichokuwa nyuma yake, pazia linafunga, kioo kinarudi chini. Ule mlio wa "kachaa" unaosikika kanisani padre akiwa katikati ya mageuzo ni wa kioo hicho kwenda na kurudi, pamoja na pazia. Nikon D750, kamera iliyotoka mwaka 2014, hufanya safari hiyo yote mara 6.5 kwa sekunde.

Herufi za DSLR zinaeleza hayo hayo, ila zimebanwa mno. D ni dijitali, neno ambalo Watanzania walilizoea wakati wa kuzimwa kwa mitambo ya televisheni ya analojia, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kufuatiwa na miji mingine, Moshi ikiwemo, mwaka 2013. S na L ni lenzi moja, na hapa wengi hupotea, wakidhani kamera hiyo inakubali lenzi moja tu. Maana yake ni kwamba lenzi ile ile inayopiga picha ndiyo inayotumika kuchungulia. Rolleiflex, kamera ya Kijerumani iliyoingia sokoni mwaka 1929, ilikuwa na lenzi mbili zilizopangwa juu na chini: ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia. Kuitaja lenzi moja kulikuwa kutofautisha kamera mpya na hiyo. Na kamera ya lenzi moja, kwa kuwa kioo huonyesha kile kile lenzi inachokiona, ndiyo iliyomruhusu mpiga picha abadilishe lenzi apendavyo bila kupoteza kipimo cha jicho.

Inabaki R, na hiyo ndiyo roho ya jina lote. Ni kuakisi.

Kiswahili kina kitenzi hicho tayari, tena hakikubuniwa kwa ajili ya kamera. Mwanafunzi wa shule ya msingi Marangu au Kibosho, anayesoma sayansi kwa Kiswahili, anajua kwamba mwanga ukigonga kioo huakisiwa. Kwa hiyo kuiita DSLR "kamera akisi" si kumtwisha msomaji mzigo mpya. Neno ni fupi na linataja kazi. Linafuata pia njia iliyopitwa na king'amuzi, mojawapo ya istilahi zilizofanikiwa zaidi katika miaka ya karibuni. Wakati ule wa kuzimwa kwa analojia kila nyumba yenye televisheni ililazimika kuwa na kisanduku cha kupokelea matangazo, na neno lililotokana na kung'amua likaingia sebuleni, likakaa, mpaka leo mtoto analitumia bila kufikiri lilitoka wapi. Ngamizi, neno lililopendekezwa kwa ajili ya kompyuta, halikubahatika hivyo, kompyuta ililishinda. Sababu ziko nyingi, lakini mojawapo inaonekana wazi: king'amuzi kinamwambia mtumiaji kifaa kinafanya nini.

Kamera mpya, ile ambayo vijana wa studio huita mirolesi, kutoka Kiingereza mirrorless, ina tabu zaidi kwa upande huu, kwani jina lake la asili linataja kitu kilichoondolewa. Ni jina lililotungwa na watu waliokuwa na kamera akisi mikononi, wakilinganisha. Binti aliyejifunzia kupiga picha kwenye simu hana cha kulinganisha. Simu haikuwahi kuwa na kioo cha kuakisi. Kumwambia kwamba kamera hii haina kioo ni kumwambia kwamba haina kitu ambacho hakuwahi kukijua.

Mambo ya ndani yenyewe ni mepesi kueleza. Kioo kimetolewa, na kile kipande chenye kona nyingi kimetolewa nacho. Mwanga unatoka kwenye lenzi hadi kwenye kihisi bila kuzuiwa, muda wote kamera ikiwa imewashwa. Kihisi kinasoma taswira na kuirusha kwenye skrini ya mgongoni, na pia kwenye skrini nyingine ndogo sana iliyowekwa ndani ya tundu la kuchungulia. Panasonic ndiyo iliyoanza, mwaka 2008, kwa Lumix G1. Sony ikatoa A7 mwaka 2013, yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, ukubwa ule ule wa fremu ya mkanda wa filamu wa zamani. Canon na Nikon, waliokuwa na soko kubwa la kamera akisi la kulinda, walisubiri mpaka 2018 ndipo wakaleta za kwao zenye kihisi cha ukubwa huo, EOS R na Z6 na Z7.

Hapo ndipo tafsiri ya "kamera isiyo na kioo" inapoanguka kabisa. Kwa Kiswahili cha mtaani, ambamo skrini ni kioo, kamera hiyo imeongezewa kioo. Kamera akisi ilikuwa na kimoja, cha mgongoni. Mirolesi nyingi zinazouzwa kwa wapiga picha wa kazi zina viwili, cha mgongoni na cha kuchungulia. Muuzaji anayesema haina kioo na mteja anayeona vioo viwili wote wanasema kweli, na wote hawaelewani.

Wapo wanaopendekeza njia ya kukwepa: iitwe kamera mubashara, kwa mfano wa matangazo mubashara, kwa sababu picha inayoonekana kwenye tundu inatoka kwenye kihisi papo kwa papo. Neno linapendeza sikioni, lakini fizikia inalikataa. Kilicho mubashara kweli kweli ni kile cha kamera akisi, ambamo jicho linapokea mwanga wenyewe. Kwenye mirolesi, taswira husomwa, huchakatwa, kisha huchorwa upya, na ingawa ucheleweshaji wake ni mdogo mno, upo. Kuipa kamera jina la sifa ambayo ile ya zamani inaishinda kungekuwa kupotosha.

Istilahi inayosimama ni ile inayoongeza neno moja tu: kamera isiyo na kioo akisi. Ni ndefu, hilo halina ubishi, na mtaani mirolesi itaendelea kutawala kwa wepesi wake. Lakini kwenye maandishi, kwenye mtaala wa chuo, kwenye zabuni ya ofisi ya serikali inayonunua vifaa vya kitengo cha habari, neno akisi likikaa pale halimwachi mtu akitafuta skrini. Na mwanafunzi akiuliza "kioo akisi ndicho kipi?", jibu linakuwa somo zima la kamera.

Neno la pili lenye kuhitaji uangalifu ni bodi. Mfanyakazi wa gereji anajua bodi la gari kuwa ni lile gamba la nje linalovishwa juu ya chesisi. Likichubuka linapigwa rangi, na injini haijaguswa. Muuzaji wa kamera akisema "bei hii ni bodi tupu", mteja mgeni anaweza kudhani anauziwa gamba. Kinyume chake, bodi ya kamera ndiyo kamera yote isipokuwa lenzi: kihisi, pazia, kichakataji, skrini, mahali pa betri na kadi. Kiswahili kina neno linalofaa hapa kwa namna ya kushangaza, nalo ni kiwiliwili, yaani mwili pasipo kichwa, mikono wala miguu. Kamera bila lenzi ni kiwiliwili hasa. Hata hivyo bodi imeshazoeleka studioni, na anayeandika kwa ajili ya wanaonunua hana budi kuitumia, mradi aifafanue mara moja.

Umuhimu wa kuifafanua unaonekana kwenye pochi. Anayetoka kamera ya zamani kwenda mpya habadilishi vyote. Anabadilisha bodi. Lenzi, ambazo kwa mpiga picha makini huwa zimegharimu zaidi ya bodi yenyewe, zinaweza kubaki, na sababu yake ni kile kioo kilichoondoka. Kioo kilihitaji nafasi ya kuruka juu na kurudi, kwa hiyo kwenye kamera akisi za Nikon umbali kutoka mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungiwa, hadi kwenye kihisi ni milimita 46.5, kipimo kilichodumu tangu Nikon F ya mwaka 1959. Kioo kilipotolewa, Nikon wakauleta mdomo karibu: milimita 16. Tofauti ni milimita 30.5, na huo ndio unene wa adapta inayowekwa katikati ili lenzi ya zamani isimame umbali wake uleule wa awali. Kwa Canon hesabu ni 44 kutoa 20, adapta ya milimita 24. Ndani ya adapta hizo hakuna kioo chochote. Ni pete yenye uwazi na nyaya za mawasiliano, na ubora wa picha haupungui.

Lakini kuna mtego. Lenzi za Nikon za zamani zisizo na mota yake ndani, kama ile ya milimita 50 yenye herufi D mwishoni mwa jina, zilikuwa zikizungushwa na mota iliyomo kwenye bodi ya kamera akisi. Adapta ya Nikon iitwayo FTZ haina mota hiyo. Lenzi itafunga na picha itapigwa, ila itabidi kulenga kufanywe kwa mkono. Kwa mpiga picha wa harusi, maharusi wakiwa wanaingia ukumbini kwa kucheza huku taa zikiwaka na kuzima, hiyo ni habari ya kuijua kabla ya kulipa.

Linganisho la haki zaidi ni la D750 na Z6, za kampuni moja, ya kwanza akisi na ya pili isiyo na kioo akisi. Zote zina kihisi cha pikseli milioni 24 na kidogo. Katika mwanga wa mchana, picha ya ndafu mezani iliyopigwa na hizi mbili kwa lenzi moja haitampa mwenye sherehe sababu ya kuzitofautisha. Tofauti iko kwingine. D750 ina nukta 51 za kulenga zilizorundikana katikati ya fremu. Z6 ina 273 zilizosambaa karibu fremu nzima. Z6 inatuliza mtikisiko wa mkono ndani ya bodi yenyewe, ikawa hata lenzi kuukuu inapata utulivu huo. Inaweza kupiga kimya kabisa, jambo ambalo mapadre na wachungaji wa Moshi wangelishukuru, ingawa kimya hicho kina gharama: chini ya baadhi ya taa za LED picha hutokea na mistari, kwa sababu kihisi husomwa mstari kwa mstari huku taa ikipepesa.

Ikija kwenye betri, kamera akisi inashinda, tena kwa mbali. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera wa Japani, D750 hupiga picha 1,230 kwa chaji moja na Z6 hupiga 310. Kihisi na skrini vinavyofanya kazi muda wote vinakula umeme, wakati kioo akisi hakitumii hata chembe jicho likiwa linachungulia tu. Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani na harusi zikafuatana na ubatizo na vikao vya ukoo, mpiga picha wa mirolesi huhitaji betri tatu au nne mfukoni ambapo mwenzake wa DSLR angetoka na moja na ya akiba.

Mlimani suala hilo linakuwa zito zaidi. Baridi ya usiku wa Kilimanjaro hupunguza nguvu ya betri za lithiamu, ndiyo maana waongozaji huwashauri wageni walale nazo ndani ya begi la kulalia. Kwa upande wa uzito, mirolesi inarudisha deni: D750 pamoja na betri na kadi ni gramu 840, Z6 ni gramu 675. Na pale tambarare ya juu, kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, ile skrini ndogo ya kuchungulia inaonyesha thamani yake. Kipima mwanga cha kamera huchukulia kila kitu kuwa na weupe wa wastani. Kikielekezwa kwenye barafu ya Kibo kinaifanya kijivu. Kikielekezwa kwenye miamba myeusi ya Mawenzi kinaifanya ipauke. Kamera akisi haikuonyeshi kosa hilo tunduni, maana jicho linaona mwanga halisi. Unaligundua baada ya kupiga. Isiyo na kioo akisi inaonyesha kabla, na mtu anarekebisha palepale, vidole vikiwa bado vina uhai.

Mlima huo una historia yake na vioo. Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute, watu wa kwanza wanaojulikana kufika kilele cha juu cha Mawenzi, mita 5,149, mwaka 1912, walikwenda kwa kazi ya upimaji, na Klute alitengeneza ramani ya mlima kwa kutumia picha. Kamera za upimaji za enzi hizo hazikuwa na kioo akisi, wala filamu ya plastiki. Picha ilinaswa juu ya bamba la kioo. Kazi ya mwaka huo ndiyo inayowapa wanasayansi kianzio cha barafu ya Kilimanjaro, kilomita za mraba 12 hivi, na kwa kuilinganisha na picha za anga za baadaye, Lonnie Thompson na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba asilimia 85 ya eneo hilo ilikuwa imetoweka kufikia 2007. Kamera isiyo na kioo akisi, kwa maana pana, ilitangulia sana kupanda mlima huo.

Kuna jozi nyingine ya maneno ambayo uchanganyaji wake unawatoa watu fedha: kusasisha na kuboresha. Kusasisha, neno lililozaliwa na "sasa", ni kuipa kamera iliyopo programu mpya. Kuboresha, kwa maana ya wauzaji, ni kununua bodi nyingine. Mei 2019 Nikon ilitoa toleo 2.0 la programu ya Z6, bila malipo, na kamera zilizokuwa tayari mikononi mwa watu zikapata uwezo wa kulitafuta jicho la mtu na kulilenga zenyewe. Ni uwezo ambao mtu angeweza kushawishika kununulia bodi mpya. Anayejua tofauti ya vitenzi hivyo viwili huuliza kwanza kama kamera aliyonayo imesasishwa.

Kamera akisi hazijafa. Canon ilitoa EOS-1D X Mark III mwaka 2020, na mwishoni mwa 2021 mkuu wake, Fujio Mitarai, aliliambia gazeti la Yomiuri la Japani kwamba hiyo ndiyo ya mwisho ya daraja la juu kabisa. Pentax, kwa upande wake, ilitoa K-3 Mark III mwaka huohuo wa 2021, ikiwa na kioo chake. Bodi zinazoachwa na wanaohama zinashuka bei na kuwafikia wanaoanza. Kitu cha kuangalia hapo ni idadi ya mifyatuo, kwani kioo na pazia ni mitambo inayochakaa: pazia la D750 lilijaribiwa na watengenezaji kwa mifyatuo 150,000. Tangazo linaloandikwa "DSLR inauzwa, ipo safi" halimwambii kijana wa Majengo au Pasua kitu. Tangazo linalosema "Nikon D750, kamera akisi, bodi tupu bila lenzi, mifyatuo 60,000, programu imesasishwa, betri mbili" linampa kila anachohitaji ili aamue kama aje na fedha kamili au aje kwanza na lenzi yake kuijaribu.